Uzi: Kumkumbuka Patterson wa Tsavo kwa picha, sisi tuliomjua kabla hatujajua kusoma

Binti wa Gadi:

Salaam aleikum wanajamvi. Wakubwa zangu, shikamooni.

Wiki iliyopita tulifungua sanduku la marehemu baba. Chini kabisa, chini ya sare yake ya reli na tochi yake ya kijani na nyekundu, kilikuwamo kile kitabu. Jalada lilikwisha zamani, mgongo umeshikwa na gundi ya fundi viatu. Ni kitabu cha J. H. Patterson, *The Man-eaters of Tsavo*, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1907. Baba alikinunua Mwembe Tayari, kwenye vitabu vikuukuu vilivyotandazwa chini, kabla mimi sijazaliwa.

Baba alikuwa gadi wa treni ya abiria. Treni ya usiku ikitoka stesheni ya zamani pale mjini, yeye ndiye wa behewa la nyuma. Tulikua upande wa Makupa, na akirudi safari, akishaoga na kula, alikuwa akituita sisi watoto wanne na kukifungua kile kitabu mkekani. Hakutusomea. Kiingereza chake kilikuwa cha kazini tu, cha kujaza fomu na kuandika saa. Alitutazamisha picha.

Kwa hiyo mimi Patterson nilimjua kwa picha, miaka mingi kabla sijayasoma maneno yake. Nimeanzisha uzi huu nimkumbuke hivyo hivyo, picha baada ya picha. Mwenye lake aongeze.

Kwa asiyemjua: alikuwa mhandisi wa daraja, mzaliwa wa Ireland mwaka 1867. Aliingia bandari yetu hapa Mombasa adhuhuri ya tarehe 1 Machi 1898. Reli ya Uganda ilikuwa ikisukumwa bara tangu 1896, na yeye akatumwa mto Tsavo, kiasi cha kilomita 210 kutoka pwani, akajenge daraja. Huko simba wawili madume walikuwa wakiingia kambini usiku na kuwatoa watu mahemani. Ilichukua miezi hadi akawaua, wa kwanza tarehe 9 Desemba na wa pili tarehe 29 Desemba mwaka huo huo. Daraja likamalizika mwanzoni mwa 1899. Miaka minane baadaye akaandika kitabu, na dunia nzima ikamjua kwa kitabu hicho.

Nianze na picha ambayo wengi mmeiona: Patterson na simba wa kwanza. Simba amelala, kichwa kimeinuliwa ili kamera imwone uso. Patterson yupo karibu na bunduki yake. Baba alikuwa akikiweka kidole chake kwenye shingo ya simba na kutuuliza, "Mnaona nini hapa?" Hatukuona kitu. "Ndiyo," anasema, "hapana kitu. Dume zima, na shingoni hana manyoya."

Sisi tulidhani ni jike. Simba tuliyemjua alikuwa yule wa kwenye noti na nembo, ana manyoya marefu kama kilemba. Baba, ambaye alipita Tsavo usiku na mchana kwa miaka, ndiye aliyetufundisha kwamba simba dume wa Tsavo wengi wao shingo zao ni tupu au zina manyoya haba, kwa lile joto na ile miiba. Baadaye nikaona filamu iliyotengenezwa Marekani miaka ya tisini, simba wake wana manyoya tele. Nilikasirika kwa niaba ya ile picha.

Nitaendelea usiku, nikishalaza watoto.

Mzee wa Makupa:

Marahaba binti. Mungu amrehemu baba. Ikiwa ni gadi wa miaka ile, huenda tulipishana.

Huyo bwana kitabu chake kinaanzia hapa hapa mjini, usiruke hapo. Anaeleza toroli zetu, viti juu ya magurudumu, reli nyembamba, watu wanasukuma kwa nyuma. Hizo reli zililetwa mwaka 1890 kwa ajili ya reli nyingine ya bara iliyokufa mapema, zikaishia kutandazwa mjini, kutoka Mji wa Kale kwenda Kilindini. Ziko picha nyingi za toroli hizo, za wapiga picha mbalimbali. Bwana mkubwa amekaa, mwavuli juu ya kichwa, nyuma yake vijana wawili wenye kanzu au shuka wanasukuma.

Babu yangu mzaa mama alisukuma toroli. Alikuwa akisema kazi ngumu haikuwa kupanda bali kuteremka, maana gari likikushinda ukaliachia, bwana ataanguka nawe utachapwa. Kila nikiona picha ya toroli huwa naitazama ile mikono iliyoko nyuma.

Kijana wa Kisauni:

Dada, samahani, nauliza kwa heshima. Huyu si mzungu aliyekuja kuua wanyama wetu na kujipiga picha juu yao? Kwa nini tumkumbuke sisi? Simba wenyewe wako makumbusho kule Chicago, Marekani, si hapa.

Binti wa Gadi:

Kijana, swali lako ni la haki, wala usiombe samahani. Nilimuuliza baba hilo hilo nilipokuwa kidato cha pili na nimejaa maneno ya darasani. Hakunijibu kwa maneno. Alifungua picha za ujenzi wa daraja, zile zenye wanaume wengi: nguzo za mawe, vyuma vinaning'inia, watu wamejipanga. Akasema, "Patterson tunamjua jina. Haya, huyu wa pili kutoka mwisho, mpe jina."

Ulikuwa ndio mchezo wetu toka utotoni. Kila mtu kwenye picha asiye na jina, sisi tulimpa. Mmoja tulimwita Mzee Kombo kwa sababu alisimama kama jirani yetu. Mwingine Kartar, kwa kilemba chake. Dada yangu alimwita mmoja Mwanajuma, sijui kwa nini, na ni mwanamume. Nimekifungua kitabu juzi, na majina bado nayakumbuka.

Kwa hiyo jibu langu kwako ni hili: bila Patterson na kamera yake, wale watu hatungekuwa na hata kivuli chao. Reli ile ilileta wafanyakazi 31,983 kutoka India, na 2,493 walikufa kazini. Hizo ni hesabu zilizoandikwa kwa sababu walikuwa na mikataba. Patterson mwenyewe anataja Wahindi 28 walioliwa na simba Tsavo, kisha anasema Waafrika walikuwa makumi kadhaa, na hesabu yao rasmi haikuwekwa na mtu. Anaipita kwa sentensi moja. Mimi sentensi hiyo niliisoma nikiwa na miaka kumi na tisa, nikakifunga kitabu, sikukifungua tena mwaka mzima.

Lakini aliiandika. Angeweza kuiacha, na leo tungedhani waliokufa ni 28 tu.

Binti wa Gadi:

Naendelea. Watoto wamelala.

Kuna jambo ambalo niliposoma maneno kwa mara ya kwanza lilinishangaza. Ule usiku wa tarehe 9 Desemba, ambao ndio uliompa jina, hauna picha. Ungepigwaje, kiza, na kamera za enzi hizo? Sisi utotoni hatukuujua kabisa. Baba naye nadhani hakuujua vizuri, maana haumo kwenye picha.

Basi sikilizeni. Asubuhi mtu alikuja mbio kutoka mtoni akipiga kelele "Simba! Simba!" Simba alikuwa amemkosa mtu akamuua punda. Patterson alipomfuata, simba akakimbia, punda hajaisha. Hapakuwa na mti wa maana karibu, kwa hiyo akajengewa dungu: miti minne imekitwa ardhini na kuinamishiana juu, ubao mmoja wa kukalia, kimo chake kama futi 12. Dungu kama la mlinda mpunga tu, ila huyu anamlinda punda aliyekufa. Akapanda peke yake jioni.

Simba alikuja. Hakumgusa punda. Akaanza kulizunguka dungu. Saa mbili nzima akazunguka katika kiza, anakaribia, anarudi, na mtu juu hamwoni, anasikia tu majani. Mwindaji amekuwa ndiye windo. Kisha kitu kikampiga kisogoni. Patterson anasema nusura aanguke kwa hofu. Alikuwa bundi, amemdhania tawi. Alipogutuka, simba akanguruma chini. Mwishowe simba alipojitokeza akaonekana kama kivuli kwenye weupe wa kichaka, akapigwa risasi.

Kwetu bundi akitua juu ya paa watu husoma dua. Nilipofika hapo nilisoma mara tatu, na nywele zilinisimama. Mtu anayejua kuandika hivyo hahitaji kamera. Kambi nzima ikaja na ngoma na tarumbeta, wanamwita "Mabarak! Mabarak!" Neno hilo Mswahili hahitaji kutafsiriwa.

Na hao hao miezi michache nyuma walikuwa wamepanga kumuua, mafundi mawe, kwa ugomvi wa kazi. Na tarehe 1 Desemba mamia yao walijilaza kwenye reli treni isimame, wakarukia mabehewa na kurudi Mombasa. Kazi ikalala wiki tatu. Waliobaki walilala juu ya matangi ya maji, juu ya mapaa, wengine walichimba mashimo ndani ya mahema na kujifunika magogo. Baada ya simba wa pili kufa, walimpa bakuli la fedha, na mmoja wao aitwaye Roshan akamtungia shairi kwa Kihindustani, la Januari 1899. Shairi limo kitabuni limefasiriwa. Hii kwangu ni picha kubwa kuliko zote: mfanyakazi katunga kisa hiki miaka minane kabla ya mwandishi mwenyewe.

Mtaita wa Bura:

Hamjambo. Nimeusoma uzi wote na nimenyamaza, lakini dada hajafika kwenye picha inayotuhusu sisi. Ile ya pango.

Binti wa Gadi:

Kaka, nilikuwa nikiisogelea kwa woga. Sema wewe.

Mtaita wa Bura:

Patterson alipokuwa akitembea vichakani baada ya simba kufa, alikuta pango lenye mifupa ya watu, na baadhi ya mifupa ina bangili za shaba. Akasema ndilo pango la wala watu. Akalipiga picha, ikaingia kitabuni hivyo, na kila aliyeiona akatetemeka.

Sasa, mimi ni Mtaita. Kwetu zamani mzee akifa alizikwa, na baada ya muda fuvu lake lilitolewa na kuwekwa kwenye mwamba, pamoja na mafuvu ya wazee wa ukoo waliomtangulia. Mapango hayo yapo hadi leo. Nimepelekwa kwenye moja na babu, na tulivua viatu. Mtu akishaona mwamba wa namna ile hawezi kuitazama picha ya Patterson akaona pango la simba tu. Simba hupakua nyama pale pale alipoua. Hana desturi ya kubeba mifupa nyumbani kama fisi.

Mwaka 1997 watafiti wa makumbusho ya Chicago na wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya walilitafuta pango hilo tena, wakiongozwa na maelezo yake na hiyo picha, wakalipata. Na wapo miongoni mwa wataalamu waliosema linafanana na pango la mazishi kuliko tundu la mnyama.

Simlaumu Patterson kwa kukosea. Alikuwa ametoka kuwazika watu wake miezi tisa, na mtu wa hali hiyo akiona mifupa atawaza simba. Ninachosema ni kwamba mimi nikiiona ile picha natoa salamu.

Mzee wa Makupa:

Mwanangu, umenena. Nami nitaitazama upya.

Kijana wa Kisauni:

Dah. Sikuwa najua haya. Na simba je, walikula wangapi hasa? Nimeona mahali 135.

Binti wa Gadi:

Mtaita, ahsante sana. Sikujua la viatu. Nimekaa nalo tangu jana.

Kijana, 135 ni hesabu ya Patterson pia, lakini ya baadaye, wakati simba wameshafika Chicago. Ndiyo maana nasema maneno yake huhama. Mwaka 2009 watafiti walipima chembe za mifupa na nywele za simba wale, maana chakula huacha alama mwilini, wakakisia watu kama 35 kwa wote wawili, mmoja akiwa amekula zaidi ya mara mbili ya mwenzake. Hiyo ni miili iliyoliwa. Waliouawa wakaachwa hawamo humo.

Na kuhusu kwa nini waligeukia watu: simba wa kwanza alikuwa na jino la chonge lililovunjika, na uvimbe wa usaha kwenye mzizi. Mtu yeyote aliyewahi kuumwa na jino anajua kutafuna mfupa wa nyati ni adhabu. Tena nyati wenyewe na ng'ombe walikuwa wameangamizwa na ugonjwa wa sotoka miaka hiyo ya 1890. Na njia ile ya Tsavo ilikuwa ya misafara ya watumwa na pembe karne nzima, wanaoanguka wanaachwa njiani. Simba walijifunza kwetu. Mwaka 2024 walichunguzwa hata nywele zilizokwama kwenye mashimo ya meno yao, wakakuta za twiga, pundamilia, choroa, kuro, nyumbu, na za binadamu.

Sasa la Chicago. Mpwa wangu anasoma kule. Nilimwomba aende makumbusho ya Field anipigie picha ya simba. Aliponitumia kwenye simu niliiweka kando ya picha ya kitabu, ile ya Desemba 1898, na moyo ukasinyaa. Wadogo! Nikadhani Patterson alitudanganya na futi zake 9 na inchi 8, na wale watu wanane wa kumbeba.

Hakudanganya. Baada ya kuwaua aliwachuna, na ngozi zikawa mazulia ya nyumbani kwake kwa miaka 25. Zulia hukatwa pembeni liwe zuri. Mwaka 1924 akaziuza kwa dola 5,000, na fundi wa makumbusho akalazimika kuwaumba simba kwa ngozi iliyobaki. Simba aliye ndani ya kioo kule Chicago ni mdogo kuliko simba aliyeishi, kwa sababu ya mkasi. Wa kimo chake halisi yupo kwenye picha tu.

Nilipolielewa hilo nilimkumbuka baba na kidole chake. Ngozi ilikatwa, hesabu ikapanda kutoka 28 hadi 135, pango likapewa jina lisilo lake. Picha imekaa vile vile, inasubiri mtu wa kuiangalia vizuri.

Mzee wa Makupa:

Na mwenyewe aliishia wapi?

Binti wa Gadi:

Maisha yake yalikuwa marefu, mzee wangu. Alirudi Kenya akawa msimamizi wa wanyamapori 1907 hadi 1909. Vita Kuu ya Kwanza akaongoza kikosi cha Wayahudi kule Gallipoli mwaka 1915. Akafia California mwaka 1947, na mwaka 2014 majivu yake yakahamishiwa Israel, akalazwa karibu na askari wake. Watu wa kule wanamkumbuka kwa hayo na kisa cha simba kwao ni kidogo. Kwetu ni kinyume.

Simpendi kila ukurasa. Kuna sehemu anawaongelea wapagazi wetu kama mizigo mingine. Lakini aliandika hofu yake bila kuificha, na si wawindaji wengi waliofanya hivyo.

Jumamosi naenda Nairobi kwa treni ya asubuhi, na nitakaa dirishani hadi tupite mto Tsavo. Baba alikuwa akipunga tochi pale, hata kama hapana mtu. Alisema ni salamu kwa Mzee Kombo na wenzake.

Mtaita, kabla sijaondoka nitaipiga upya ile picha ya pango, mchana, pasipo kivuli cha mkono wangu. Uliandika babu alikupeleka kwenye mwamba. Ikiwa bado yuko hai, au bibi yako, mwonyeshe. Akisema neno lolote, hata moja, tuandikie hapa.

Mtaita wa Bura:

Babu hayupo. Bibi yupo, ana miaka tisini na kitu, macho bado anaona. Itume.